Aliyeitikia Wimbo wa Kupanda Fuji

Pango lile mimi ndiye niliyelitaja. Watu walimlaumu Bwana Seibei mpaka akaingia kaburini na lawama zake, nami nikawaacha walaumu, maana akisemwa mwenzako wewe unapata kupumua. Sasa nina miaka sabini na minne, Fusae mwanangu, na wewe ndiye unayenipikia uji, kwa hiyo nakuungamia wewe. Mwenye Mlima anajua tayari.

Ulikuwa mwaka wa tisa wa enzi ya mfalme Taisho, hapa hapa Yoshida, katika nyumba ya Haganuma. Nyumba ile ilipokea mahujaji wa Fuji tangu enzi za mababu: wakifika wanaoshwa miguu, wanalishwa, wanaombewa, alfajiri wanapanda. Mimi nilikuwa mpishi. Bwana Seibei alikuwa mwenye nyumba na msoma dua. Mkewe aliitwa Ohisa, binti yao wa pekee Mitsuyo, miaka kumi na saba, na mama mzazi wa Bwana alikuwa Bibi Oriku.

Nyimbo za Fuji ni nyingi. Wafumaji wana zao, wapagazi wana zao, nyingine siwezi kuzitaja mbele yako. Wimbo wa nyumba ya Haganuma ulikuwa mmoja tu: beti kumi za kupanda na beti kumi za kushuka, kila ubeti kituo kimoja cha mlima. Mmoja hupanda kwa sauti yake, mwingine humshusha. Aliyepanda hajishushi mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Bibi Oriku alikuwa mshushaji kwa miaka arobaini, na sikumsikia hata kwa mzaha akiimba ubeti wa kupanda. “Kupanda waachieni wenye magoti,” alikuwa akisema. “Mimi ni wa kushuka.”

Tarehe tisa Agosti, saa nne asubuhi, alikuwa anachambua maharage barazani. Akainamisha kichwa kama aliyedondosha kitu ndani ya ungo. Nilipomgusa bega, alikuwa ameshakwenda.

Sikukuu ya Moto ilikuwa tarehe ishirini na sita. Unajua mwenyewe kwamba mwenye msiba haruhusiwi kuuona moto ule. Nyumba iliyofiwa mwaka huo hufunga mlango na kuhama mji mpaka mienge izimike, na hata mlevi hathubutu kuivunja sheria hiyo. Sasa mwaka ule, baada ya kungoja zamu miaka ishirini na miwili, nyumba yetu ndiyo iliyopewa heshima ya kuimba mbele ya ule mlima mwekundu, sanamu ya Fuji inayobebwa mabegani siku hiyo. Mwimbaji alikuwa Mitsuyo.

“Siku kumi na saba,” Bwana Seibei alisema, amepiga magoti kando ya mama yake. “Siku kumi na saba tu. Mama mwenyewe angekubali.”

“Kwa joto hili?” Ohisa akamjibu, machozi yakimtiririka. “Kesho kutwa majirani watajua kwa pua.”

Na mimi, ambaye hakuna aliyeniuliza, nikafungua mdomo. “Kaka yangu Kumazo analinda mayai ya viwavi wa hariri kule Narusawa, ndani ya pango la barafu. Barafu ile haiyeyuki hata Agosti.”

Nilitaka nionekane mtu wa maana. Hiyo ndiyo dhambi yangu ya kwanza.

Mitsuyo alikuwa kwa fundi akipimiwa kimono cha sikukuu. Aliporudi, bibi yake alikuwa tayari njiani kwenda Narusawa, amelazwa kwenye mkokoteni wa Kumazo chini ya majani ya mforosadi. Tukamwambia mtoto kwamba Bibi amekwenda Kofu, kwenye maji ya moto, kutibu magoti.

“Bila kuniaga?” akauliza.

“Magoti hayaagi,” Ohisa akasema. Tukacheka wote watatu, kicheko kibaya.

*

Mazoezi yalifanyika mchana, mahujaji wakiwa mlimani. Mitsuyo alikaa sebuleni, mlango wa uani wazi, Fuji mbele yake. Mama yake alipewa kazi ya kushusha, ingawa masikini Ohisa hakuwa na sikio la wimbo. Siku ya kwanza Mitsuyo alipanda beti tatu, akanyamaza, akangoja. Ohisa akakohoa, akatafuta ubeti wa kushuka kichwani, akaukosa.

Hapo chumba cha Bibi Oriku kikaitikia.

Ilikuwa sauti yake. Ule mkwaruzo mdogo mwishoni mwa kila mstari, kama kijiko kikikwangua sufuria, ulikuwa wake peke yake. Nilikuwa jikoni na mwiko mkononi, na kitu cha kwanza kilichonishtua hakikuwa kwamba maiti anaimba. Nilishtuka kwa sababu alikuwa anaimba ubeti wa nne wa kupanda.

“Bibi karudi!” Mitsuyo akaruka, akafungua chumba. Kitupu. Magodoro yamekunjwa kama nilivyoyakunja. Harufu tu: jiwe lenye maji, na majani ya mforosadi yanayooza.

“Ni mwangwi,” baba yake akasema.

“Mwangwi wa ubeti ambao sijauimba, baba?”

Bwana Seibei alinitazama mimi.

Jioni alinifuata kisimani. “Otsune, wewe umemsikia mama yangu akiimba miaka kumi na miwili. Unaweza kumwiga.”

“Bwana, mimi sauti yangu kama bawaba ya mlango wa choo. Unaijua.”

“Najua mnachotaka, wewe na kaka yako. Mnataka nitishike, niwe chini yenu.”

Uliniuma moyo, nami nikaupeleka uchungu kwa mwingine: nikamshuku Ohisa. Alikuwa amekwaruzana na mama mkwe miaka yote, na mtu aliyeshindwa ubeti sebuleni anaweza kujifanya ameshindwa. Ohisa naye, nilikuja kujua baadaye, alimshuku mumewe kwamba anamwita marehemu kwa dua za siri ili amfundishe binti. Tukaanza kuchunguzana. Mtu akienda chooni, wawili wanahesabu hatua zake. Tulikula pamoja kila mmoja akitazama koo la mwenzake.

Kila siku ilikuwa vile vile. Mitsuyo akisimama kwenye ubeti wa nne, chumba kinampokea na wa tano. Akisimama kwenye wa tano, kinampa wa sita. Ohisa alijaribu kushusha mara mbili, na mara zote mbili sauti ile ilimfunika. Mtoto mwenyewe hakuogopa, na hilo ndilo lililonitisha. Alitabasamu. “Bibi ananifundisha kutoka Kofu,” alisema.

Nikaamua kumnasa Ohisa. Asubuhi ya tarehe kumi na tisa nilichekecha majivu laini kwenye sakafu ya chumba cha marehemu, kuanzia mlangoni mpaka ukutani. Mchana Mitsuyo aliimba, sauti ikaitikia ubeti wa saba, nami nikakimbia nikasukuma mlango.

Palikuwa na nyayo. Nyayo za mtu aliye peku, nyembamba, kidole cha pili kirefu kuliko cha kwanza, na kila wayo ulikuwa umeloa maji. Ziliingia kuelekea ukutani, hakuna uliotoka. Nilizijua, maana nilikuwa nimeviosha vidole vile tangu Mitsuyo ana miaka mitano. Nikageuka. Mitsuyo alikuwa amekaa sebuleni pale pale, amevaa soksi nyeupe kavu, anautazama mlima, na kila alipopumua, katika joto lile la Agosti lililokuwa limewafanya hata nzi wachoke, moshi mweupe ulimtoka kinywani kama mtu aliyesimama kwenye theluji.

Niliyafagia majivu. Sikumwambia mtu. Ningesema nini, na sisi ndio tuliosema Bibi yuko Kofu?

Tangu siku ile mikono yake ilikuwa baridi. Nilimpikia tambi nene za hoto, boga na miso ya soya, zinachemka. Alishika bakuli, na kabla hajafikisha mdomoni mafuta yalikuwa yameganda juu. Akaacha kula. “Sina njaa, shangazi,” aliniambia. “Huku juu mtu hasikii njaa.”

“Huku juu wapi, mwanangu?”

Akacheka tu, akanipangusia jasho la paji langu kwa vidole vilivyoniunguza kwa baridi.

*

Tarehe ishirini na nne wakaja mahujaji wa mwisho wa msimu, kundi la Mzee Yahei, muuza tofu, ile jibini ya soya, kutoka Tokyo, aliyekuwa ameupanda Fuji mara thelathini na mbili. Mtu mfupi, mkorofi, mcha Mungu kweli kweli.

“Otsune! Hujafa?” alinisalimu mlangoni.

“Ningekufa nani angekulisha, Mzee?”

“Ndiyo maana nakuja. Fuji ni kisingizio, nafuata supu yako.” Akaketi aoshwe miguu. Ndipo Mitsuyo akaanza kuimba ndani, na ule utani ukamfutika usoni Mzee Yahei. Alisikiliza. Sauti ya pili ilipoingia akautoa mguu wake majini, akaenda sebuleni na nyayo zake zinadondosha maji, akamshika mtoto mkono.

“Nani anampandisha binti huyu?”

“Anajifunza mwenyewe,” Bwana Seibei akasema.

“Na nani anamshusha? Seibei, mimi ni mjinga wa tofu, lakini mlima naujua. Mwanao amefika kituo cha tisa na mwili wake uko hapa sebuleni. Akiimba ubeti wa kumi atabaki huko. Na anayemwitikia atashuka akae mahali pake.” Akatutazama mmoja mmoja, kwa sauti ya chini kabisa: “Kuna maiti katika nyumba hii?”

“Hakuna,” Bwana Seibei akasema.

“Hakuna,” Ohisa akasema, akitazama mkeka.

Akanigeukia mimi. Tulikuwa tumetaniana miaka kumi na miwili, mimi na yule mzee. Nilimtazama machoni nikasema, “Hakuna.”

Hiyo ni dhambi yangu ya pili, nayo ni nzito kuliko ya kwanza, maana ile ya kwanza sikujua itamfika nani.

Mzee Yahei hakupanda kesho yake. Watu wake walikwenda na kiongozi mwingine. Yeye alikaa barazani na kengele yake ndogo, anasubiri, na sisi tukamchukia kwa kusubiri kwake.

“Siku moja tu imebaki,” nilimsikia Bwana Seibei akimwambia mkewe nyuma ya pazia.

“Na mtoto je?”

“Ubeti wa kumi hauimbwi mazoezini. Sikukuu ikiisha nitamzika mama, nitatubu, tutafanya kila kitu.”

“Ukimwona mwanao, Seibei, unamwona kweli?”

Nikasikia akivuta mlango, akatoka.

*

Tarehe ishirini na sita, saa tisa alasiri, mienge mikubwa ilikuwa imelazwa barabara nzima ikingoja kusimamishwa, watoto wanarukaruka juu yake, wanaume wamevaa makoti ya sikukuu. Ndani, Ohisa alikuwa anamfunga Mitsuyo mkanda wa kimono. Niliingia na chai. Midomo ya mtoto ilikuwa rangi ya zambarau, na juu ya kope zake palikuwa na chembe nyeupe. Nilidhani ni poda, nikanyoosha mkono nimpanguse, na chembe zile zikayeyuka kwenye kidole changu zikawa maji.

Akaanza kuimba bila kuambiwa. Akaanza na wa tisa.

“Mitsuyo, bado,” baba yake akasema. “Mpaka mbele ya mlima mwekundu. Mitsuyo!”

Hakumsikia. Chumba cha Bibi Oriku kikaitikia, na safari hii sauti haikungoja zamu yake, ikaimba pamoja naye, neno juu ya neno, ule mkwaruzo wa mwisho wa mstari sasa ukitoka kwenye koo zote mbili:

“Mawingu nimeyaacha chini ya nyayo,
uliye juu, nipe mkono.”

Mlango wa kile chumba ukasogea upana wa kiganja, na harufu ya jiwe lenye maji ikatoka ikajaa sebuleni, maji ya chai yakaganda utando kwenye vikombe, Ohisa akawa anamvuta binti yake mkanda kama mtu anayemvuta ng'ombe kutoka kisimani, Bwana Seibei amesimama, anatazama barabarani kule wanaume walikoanza kuusimamisha mwenge wa kwanza, kisha anamtazama mtoto, kisha barabarani tena, na mimi nikaona kwa macho yangu kwamba hata sasa, hata sasa, alikuwa anapima, nikajua hatamaliza kupima kabla ubeti haujaisha, nikatupa sinia, nikatoka mbio peku mpaka katikati ya barabara, katikati ya mienge na watu wote wa Yoshida, nikapiga kelele kwa ile sauti yangu ya bawaba:

“Nyumba ya Haganuma ina msiba! Bibi Oriku amekufa! Amekufa tangu tarehe tisa! Tumemficha!”

Nyuma yangu wimbo ukakatika katikati ya neno, na Mitsuyo akaanguka.

Wanaume waliokuwa karibu nami walirudi nyuma, wakageuza nyuso zao wasinione. Ni haki yao. Mwanamke mmoja alimfunika mtoto wake macho.

Bwana Seibei akaja mlangoni. “Umeniua, Otsune.”

“Afadhali wewe, Bwana, kuliko huyu.”

“Gombaneni baadaye,” Mzee Yahei akasema, ameshambeba Mitsuyo mgongoni. “Hajafa, lakini hayupo. Maiti iko wapi?”

*

Tulihama mji kama wafiwa wanavyotakiwa, kabla ya moto wa kwanza. Gari la farasi lilitupeleka mpaka lilipokubali, tukamalizia kwa miguu ndani ya msitu. Mzee Yahei alijua kwamba akigusa msiba wetu naye hatauona moto, safari yake yote imekwenda bure. Alitangulia na mtoto mgongoni.

Kumazo alikuwa mdomoni mwa pango. “Dada, nilikuwa nakuja kukuita,” alininong'oneza, meno yanagongana. “Barafu iliyo karibu naye inayeyuka.”

Tukashuka ngazi na taa. Bibi Oriku alikuwa amelala kati ya masanduku ya mayai, barafu chini yake imechimbika kwa umbo lake kama kitanda. Siku kumi na saba, na mashavu yake yalikuwa mekundu. Palikuwa na jasho juu ya mdomo wake. Mayai ya viwavi, ambayo hayatakiwi kuanguliwa mpaka yatolewe kwenye joto, yalikuwa yameanguliwa pande zote, na vijidudu vyeusi vilitambaa juu ya barafu vikitafuta majani ambayo hayakuwepo, vikipanda shavuni mwake, vikiingia katika kinywa kilichokuwa wazi.

Tukamlaza Mitsuyo kando yake. Mmoja wa moto, mmoja wa baridi, na aliyekuwa wa moto ndiye maiti.

“Mshusheni,” Mzee Yahei akasema. “Nani anazijua beti za kushuka?”

Ohisa akatikisa kichwa. Bwana Seibei alijua za kupanda tu. Nilizijua mimi. Miaka kumi na miwili nikiosha vyombo nimezisikia, na sikuwahi kuthubutu kuziimba mbele ya mtu.

Nikaimba. Ulikuwa wimbo mbaya, mwanangu, pango zima lilinirudishia ubaya wake:

“Shuka taratibu, changarawe ni laini,
nyumbani chai i motoni, viatu vinakungoja.”

Kituo cha kumi, cha tisa, cha nane. Kidole cha Mitsuyo kikatikisika. Nilipofika cha sita, kinywa cha Bibi Oriku, bila mdomo kusogea, bila ulimi kuinuka, kikaimba ubeti wa saba wa kupanda, kwa nguvu, na mkono wa mtoto ukakakamaa tena. Nikarudia wa sita. Kikarudia wa saba. Mzee Yahei alipiga kengele mpaka kishikio kikamkata kiganja, na bado sauti ile ilikuwa juu yangu, inanikwangua masikio, nami pumzi inaniisha.

Ndipo Bwana Seibei alipoanguka kwenye maji ya barafu, paji la uso chini. “Mama,” akasema. “Umekufa. Ulikufa tarehe tisa, saa nne asubuhi, ukichambua maharage. Mimi mwanao nilikuficha nipate sifa. Umekufa, mama. Nenda.”

Kinywa kikanyamaza. Kikatoa pumzi moja ndefu, ya moto, iliyozima taa mbili kati ya tatu, ikapita juu ya vichwa vyetu kuelekea mlangoni. Nilipotazama tena, mashavu ya Bibi Oriku yalikuwa rangi ya nta, kama ya maiti yeyote. Nikaendelea kuimba mpaka kituo cha kwanza. Mitsuyo akakohoa, akalia kwa baridi, akadai maji ya moto.

Tulimzika Bibi alfajiri.

Mitsuyo alipona. Aliolewa Kofu, akazaa, hakuimba tena. Nyumba ya Haganuma haikupewa tena zamu, na Bwana Seibei hakuiomba. Kwa muda mrefu nilisema ni Bibi Oriku aliyetaka mjukuu wake, kwa upweke. Lakini wakati tunarudi kutoka makaburini nilimuuliza Mzee Yahei, naye akanijibu bila kusimama:

“Yule bibi kwa miaka arobaini hakuimba kupanda hata mara moja. Sasa wewe fikiri ni nani aliyekuwa anaimba. Maiti ambaye wenyewe wanasema hajafa ni nyumba iliyoachwa wazi. Apitaye anaingia.”

“Na sasa amekwenda wapi?”

“Mmemtoa. Sikuona alikokwenda.”

Fusae, mwaka huu kifua changu si kizuri, na wewe na mumeo mna wageni wa sikukuu mmeshawaahidi. Nimewasikia mkiongea jikoni. Sikulaumu. Nakuomba kitu kimoja tu: nikifa, hata iwe asubuhi ya moto wenyewe, toka nje useme nimekufa. Sema siku ile ile, kwa sauti, kabla hujanifumba macho.